Kinu Kikavu

Nachingwea,
14 Julai 2025

Dada yangu Sabaha,

Assalaam alaykum. Nimeandika tarehe hapo juu, na kabla ya neno lolote jingine naweka ahadi: katika barua hii nitakueleza yote, pamoja na yale yanayonionyesha mjinga. Ukitaka kucheka, cheka, lakini usome mpaka mwisho.

Mimi ni mzima. Mustafa alipopita hapa shuleni Jumamosi kuniletea karanga za mama, aliniambia uko nyumbani Mbekenyera, umekuja kukusanya maganda ya korosho kwa ajili ya utafiti wako. Nilifurahi, maana likizo ya Juni tulibakishwa shuleni na sijakuona tangu Desemba. Simu haturuhusiwi, lakini Mustafa hupita Nachingwea na Kosta yake karibu kila wiki, na amekubali kuwa posta yetu. Anasema binamu anayesafirisha mbuzi na magodoro hawezi kushindwa na bahasha.

Sasa jambo lenyewe. Likizo ya Desemba, tukiwa tunapokezana michi kutwanga mahindi ya mama, nilikuuliza unasomea nini hasa katika hiyo shahada ya uzamivu. Ulinijibu kwamba viwandani, ili vitu viwili viungane na kuwa kitu kipya, watu huviyeyusha kwanza katika mapipa ya vimiminika vyenye sumu, na kazi ikiisha vimiminika vile humwagwa au huchomwa. Ninyi mnaviweka vikavu ndani ya chombo chenye gololi za chuma, mashine inakitikisa kwa nguvu, na kule kugongwa na kusagwa kunatosha kuviunganisha. Ukasema unataka kutengeneza gundi ya mbao kutokana na mafuta ya maganda ya korosho bila pipa hata moja la sumu. Sikulisahau neno hata moja.

Wiki mbili zilizopita Mwalimu Kasiano, anayetufundisha kemia kidato cha tatu, alitupa jaribio. Swali la nne lilisema: vitu viwili vikavu haviwezi kubadilishana chochote mpaka viyeyushwe au vipashwe moto. Kweli au si kweli? Niliandika si kweli, nikaongeza maelezo yako. Akanipa sifuri. Nikanyoosha mkono.

"Zuleha, umeyapata wapi haya?"

"Kwa dada yangu, mwalimu. Anasomea kusaga kemikali."

"Dada yako anasomea kusaga," akasema, na darasa zima likacheka. "Basi kesho utatusagia na sisi."

Kesho yake alinipa kinu kidogo cha kaure cha maabara, mrututu na chumvi. Mrututu ni ile chumvi ya shaba ya bluu, unaujua. Hapa ndipo penye ujinga wangu. Kabla ya kuanza nilikwenda bombani nikakisuuza kinu. Sikufikiri. Mama ametufundisha kwamba kinu hakitwangiwi kabla ya kusuuzwa, na mkono wangu ulifanya hivyo wenyewe, kama unavyofumba jicho vumbi likija. Nikakikung'uta, nikatia vitu, nikasaga. Bluu ikawa kijani mbele ya wote. Nilikuwa karibu kusema Alhamdulillahi, mwalimu akaingiza kidole ndani ya kinu mpaka chini akakitoa kimelowa.

"Kikavu kama mto Lukuledi wakati wa masika," akasema.

Tangu siku hiyo jina langu bwenini ni Kinu. Hilo silijali. Ninalojali ni hili: mwalimu anasema nimelidanganya darasa. Anataka nisimame mbele ya wenzangu niseme kwamba nilileta uongo na naomba radhi. Nisipofanya hivyo, nafasi yangu maabara atapewa msichana mwingine, na mimi nitahamishiwa masomo ya sanaa mpaka kidato cha nne. Orodha inakwenda kwa mkuu wa shule katikati ya Agosti.

Dada, nilikosea kusuuza. Sikusema uongo. Hayo ni mambo mawili. Tafadhali mwandikie mwalimu kwa mkono wako, umweleze wewe ni nani na unachofanya. Barua yako moja itatosha.

Mdogo wako,
Zuleha


Mbekenyera,
19 Julai 2025

Mdogo wangu Zuleha,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata, ikiwa na mafuta ya karanga kwenye kona. Hapa wote hawajambo. Mama anaanika ufuta wa mwisho, mikorosho imeanza kutoa maua na kila mtu yuko shambani na bomba la salfa mgongoni, akikohoa.

Kazi ya maganda inaendelea.

Nimefikiria sana ulichoomba. Sitamwandikia mwalimu wako. Usinielewe vibaya. Mwalimu Kasiano yuko sahihi kwa kile alichokiona, na alichokiona ni chombo kilicholowa. Mtu akikutana na chombo kilicholowa ana haki ya kutilia shaka kila kitu kilichosemwa juu ya chombo hicho. Sayansi ndivyo ilivyo, haijali nia yako.

Simama mbele ya wenzako, sema samahani, yaishe. Maneno mawili tu. Utabaki na kiti chako, na baadaye ukiwa mkubwa utasema unachotaka kusema mahali ambapo watu wana mashine za kukipima. Wakati mwingine kunyamaza ndiko kunakomfikisha mtu.

Soma. Kula vizuri. Usimtume Mustafa akudanganyie matroni.

Dada yako,
Sabaha


Nachingwea,
23 Julai 2025

Dada Sabaha,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipo wewe ndani yake, sikupaona. Sabaha ninayemjua aliwahi kumwambia imamu wa msikiti wetu kwamba amekosea hesabu ya mirathi, na alikuwa darasa la saba.

Tena nina habari. Mjomba Swalehe alikuja shuleni jana. Wewe unajua nyumbani kwetu neno la mjomba ndilo linalofunga mlango au kuufungua, hata baba angekuwa hai angemsikiliza. Mwalimu alimwita kama mlezi wangu ili ajiandae kusaini karatasi ya kunihamisha. Alikuja na koti lake la kupulizia mikorosho, salfa imejaa mabegani mpaka msichana mmoja akauliza kama ni unga wa dengu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemsahihisha mwalimu?"

"Nilisema ninachokijua, mjomba."

"Unachokijua." Akaketi kwenye benchi la mlinzi. "Dada yako naye alijua. Alijua mpaka vitabu vikamwisha. Leo yuko uani kwa mama yenu, ameshika mchi. Michi tunayo, mpwa wangu. Hatukumpeleka Dar akautafute."

Nikamwambia umekuja kuchukua maganda ya utafiti.

"Tangu Mei?" akasema. "Hayo maganda anayaokota moja moja?"

Nilimtazama Mustafa, maana ndiye aliyemleta, naye akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Baadaye nilimbana. Akasema, "Zuleha, mimi ni konda. Nabeba mizigo, sifungui." Kisha akasema kwamba ulirudi na vitabu vyako vyote, hata godoro, na kwamba mtu wa kuchukua maganda hasafiri na godoro.

Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Umefukuzwa? Umeugua? Kuna mtu amekuonea? Na kama umeacha, kwa nini uliniandikia kwamba kazi inaendelea?

Mjomba alipoondoka alisema sanaa ni nzuri, nitakuwa mwalimu wa Kiswahili, nitaolewa na mtu mwenye adabu. Nilimwambia sitasimama kuomba radhi kwa jambo ambalo ni kweli. Akasema, "Utasimama au utahama, chagua." Atarudi Jumamosi ya tarehe 16 Agosti kuja kusaini.

Zipora, rafiki yangu, yule ambaye wazazi wake walihamia Mtua na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, amesema kwao ng'ombe anayeacha njia si lazima awe amepotea, huenda ameona maji. Nimemwambia asiniongelee habari za maji wiki hii.

Nasubiri jibu la kweli.

Zuleha


Mbekenyera,
30 Julai 2025

Zuleha,

Mustafa hatapewa chai hapa kwetu kwa mwezi mzima. Lakini uliuliza, na nilikuandikia uongo, basi sikiliza.

Sikufukuzwa. Siumwi. Hakuna aliyenionea.

Mwezi wa nne nilisimama kwenye ukumbi wa chuo mbele ya maprofesa na wageni, nikaeleza kazi yangu ya miaka mitatu. Nilionyesha kwamba mafuta ya maganda ya korosho, yakisagwa na unga wa pili ndani ya chombo changu, yanakuwa gundi ngumu, nzuri, bila kuyeyushwa. Mtu mmoja akauliza kama kuna kitu kingine chochote ndani ya chombo. Nikajibu hakuna, ni vitu viwili na nguvu ya kugongwa. Nilijibu kwa sauti kubwa. Unanijua.

Mtafiti wa chuo kingine alikuwa amerudia kazi yangu kabla ya mkutano. Chombo chake na gololi zake ni za kaure ngumu, changu ni cha chuma. Kwake haikutokea gundi. Alirudia, haikutokea. Kisha akapima gundi yangu niliyomtumia mwenyewe, akakuta chuma ndani yake. Gololi zangu zilikuwa zinalika kidogo kidogo kila zinapogongana, na ule unga wa chuma ndio uliokuwa ukiisukuma kazi. Alilisema hilo kwa upole kabisa, akaweka picha ukutani, akaketi. Upole wake ndio ulionimaliza.

Msimamizi wangu aliniambia nirudi mezani, nirekebishe, niandike upya. Nikamwambia nakwenda kwanza kuchukua maganda. Gunia la maganda lilijaa wiki ya kwanza. Liko nyuma ya jiko, mama analiogopa kwa sababu mafuta yake yanachubua ngozi. Mimi niko hapa. Namtwangia mama kwa sababu mikono haiwezi kukaa bure, na mjomba akipita anakohoa kikohozi ambacho si cha salfa.

Ndiyo maana sikuweza kumwandikia mwalimu wako. Ningesaini kama nani? Ningesema kusaga kunatosha, na mimi mwenyewe nimeonyeshwa kwamba sikujua kilichokuwa ndani ya chombo changu.

Omba radhi, mdogo wangu. Usifuate nyayo zangu, zinaishia uani.

Kuna jambo moja nakukataza kama dada mkubwa, na hapa sibembelezi: usije ukasaga salfa na kitu chochote kile. Unga ule ukisuguliwa pamoja na kitu kisichofaa hulipuka, na mtu hupoteza macho. Mrututu nao usiguse kwa mikono mitupu, wala chombo chake kisikaribie jikoni kamwe.

Sabaha


Nachingwea,
2 Agosti 2025

Dada,

Asante kwa kuniambia. Nimelia kidogo, kisha nikakasirika, na hasira imebaki muda mrefu zaidi.

Sielewi kitu kimoja. Ulisema gundi ilitokea. Yule mtu wa kaure hakusema haikutokea kwako, alisema chuma kilisaidia. Basi chuma kilisaidia. Hakuna mtu aliyejua kabla yake kwamba kinasaidia, au labda walijua, sijui, mimi niko kidato cha tatu. Lakini mtu akikuta jiko la mama linawaka vizuri kwa sababu kuna mkaa chini ya kuni, haondoki akalala njaa kwa aibu ya mkaa. Wewe umesuuza kinu kama mimi, Dada. Mkono wako ulifanya jambo ambalo kichwa hakikuliangalia. Mimi nina miaka kumi na sita na nimeitwa mwongo mbele ya wasichana arobaini, na bado nakula, bado nasoma, na jina la Kinu naliitikia.

Siombi radhi. Nimekwenda kwa Mwalimu Kasiano na kumwambia hivyo, kwa heshima, nimesimama wima. Nikamwomba anipe nafasi moja ya kurudia siku hiyo hiyo ya tarehe 16, mbele ya mjomba, kalamu ikiwa mezani. "Ikishindikana, mjomba wako anasaini papo hapo, na sitaki kusikia chozi," akasema. Nikamwambia sawa.

Sikuombi uje. Sikuombi umwandikie mtu. Nakuomba unifundishe kitu kimoja tu: kinu kinakaushwaje mpaka mtu asiyekupenda akubali kwamba ni kikavu?

Zuleha


Mbekenyera,
8 Agosti 2025

Zuleha,

Mjinga wewe. Haya.

Usisuuze. Futa kinu na mchi kwa kitambaa kikavu, uviweke juu ya bati juani tangu asubuhi, vipinduliwe mara kwa mara, kisha uvifunge kwenye kitambaa kingine kikavu mpaka saa yenyewe. Chumvi ikaange kwenye sufuria kavu mpaka iache kupasuka na kulia, iache ipoe imefunikwa. Mrututu utumie ulivyo.

Usiwape nafasi ya kusema ni unyevu wa hewa ya chumbani uliofanya kazi. Chukua chumvi na mrututu kwa kiasi kile kile, uvichanganye taratibu kwa kijiti juu ya karatasi, bila kusaga, uviache pale pale kando ya kinu. Hewa ni ile ile, vitu ni vile vile. Kama kinu kitageuka na karatasi haitageuka, kilichotofautiana ni kusagwa.

Wewe usishike mchi. Mwachie asiyekuamini.

Mwalimu wako ana swali moja ambalo bado hajakuuliza. Ni swali zuri, na ningekuwa yeye ningeanza nalo. Akiliuliza, usijikakamue. Sema unachokijua na uishie hapo. Mimi sikuishia hapo.

Na mjomba akirudia habari za michi, mwambie michi hiyo hiyo ndiyo iliyomlea.

Sabaha

Nimeisoma tena barua yako pale palipo na mkaa chini ya kuni. Kuna watu huko duniani wanaotumia chombo cha chuma kwa makusudi ili chombo chenyewe kifanye kazi. Nilikuwa nalijua hilo nikiwa nimesimama ukumbini. Aibu ina masikio mabovu.


Nachingwea,
18 Agosti 2025

Dada yangu Sabaha,

Nakueleza yote kwa mpangilio, maana Mustafa atakusimulia kwa kuruka ruka, na yeye alikuwa dirishani.

Jumamosi niliamka kabla ya kengele. Niliweka kinu na mchi juu ya bati nyuma ya bweni, Zipora akakaa navyo akifukuza kuku, huku mimi nikikaanga chumvi kwenye kopo jipya nililopewa maabara. Saa nne tuliingia. Mwalimu Kasiano alikuwa mbele, karatasi ya kuhama mezani, kalamu juu yake. Mjomba aliketi kiti cha mwalimu kwa sababu ndicho pekee chenye mgongo. Wasichana wa kidato chetu walikuja wote, ingawa ilikuwa siku ya kufua.

Mwalimu alifungua kitambaa, akaingiza kidole ndani ya kinu, akakisugua, akakitazama. Akachukua kipande cha karatasi ya chooni akafuta ndani yake. Kikatoka kikavu. Akampa mjomba. Mjomba akakinusa, sijui kwa nini.

Nikapima chumvi na mrututu, nikagawa, nusu kinuni, nusu juu ya karatasi, nikaichanganya ile ya karatasi kwa kijiti kama ulivyosema. Kisha nikavuta mikono nyuma.

"Saga basi," mwalimu akasema.

"Mimi sisagi, mwalimu. Asage mtu ambaye hataki igeuke."

Zipora akasema, "Mjomba yupo."

Mjomba akainua mikono yote miwili kama anayefukuza nyuki. "Mimi? Nishike mchi mbele ya watoto wa watu? Mwanaume wa Kimwera hatwangi, hata akiwa peke yake porini."

"Kwetu pia hatwangi," Zipora akasema. "Anasubiri ugali ujitwange."

Walicheka mpaka mjomba naye akatabasamu upande mmoja. Mwalimu Kasiano hakucheka. Alivua saa, akaiweka juu ya karatasi ya kuhama, akavaa glavu, akakishika kinu kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni alisaga vibaya, anagonga tu. Nikamwambia, "Zungusha, mwalimu, usipige." Akazungusha. Nyuma ya darasa mtu mmoja akaanza kuvumisha wimbo wa kutwangia, taratibu, mdomo umefungwa, wa pili akapokea, na wa tatu, mpaka chumba kizima kikawa kinavuma na mwalimu wetu anasaga kwa mdundo wake bila kujua. Nadhani baadaye alijua, kwa sababu alikwepa macho yetu, lakini hakuacha.

Bluu ikaanza kupauka. Kisha kandokando ya mchi ukaonekana ukijani, kama maji ya bwawa, ukaenea. Mwalimu akasimamisha mkono. Kila mtu akatazama karatasi. Juu ya karatasi chembe za bluu zilikuwa bluu na chumvi ilikuwa nyeupe, zimelala pamoja kama wageni wawili kitanda kimoja.

"Rangi hii umeitia saa ngapi?" mjomba akauliza.

"Mchi alikuwa nao mwalimu, mjomba."

Akamgeukia mwalimu. Mwalimu akasema, "Sikutia kitu."

Nilitaka kucheka, nikakumbuka barua yako, nikanyamaza. Na kweli swali likaja. Mwalimu alipitisha mchi katika ule unga wa kijani, akatuonyesha kwamba umeanza kushikana, una unyevu.

"Zuleha. Kinu kilikuwa kikavu, hilo nalikubali. Chumvi kavu. Huu unyevu umetoka wapi?"

Nilijua. Alitufundisha mwenyewe kidato cha pili: mrututu wa bluu una maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, ukiuchoma maji yanatoka unakuwa mweupe.

"Umetoka ndani ya mrututu, mwalimu."

"Kwa hiyo maji yalikuwepo tangu mwanzo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa hiyo swali la nne ulikosa."

Dada, hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Ningesema sikukosa, ningekuwa nasema nisichokijua. Ningesema nimekosa, ingekuwa vilevile. Mjomba alikuwa ameshachukua kalamu, ameitoa kifuniko.

Nikasema, "Hatukumwaga maji, mwalimu, hatukupasha moto, na kitu kimegeuka kwa kusagwa. Hilo nimeliona na wewe umeliona. Kama kingegeuka bila hata yale maji ya ndani, hilo sijui. Wewe unajua?"

Hakuna anayemwuliza Mwalimu Kasiano hivyo. Nyuma mtu akasema "maskini Kinu" kwa sauti ya msibani.

Mwalimu alikaa juu ya meza. "Sijui," akasema. Kisha akanyoosha mkono kwa mjomba, kama anayedai kitu chake. "Kalamu yangu, mzee."

"Sijasaini," mjomba akasema.

"Naona."

Akakunja ile karatasi ya kuhama akaitia mfuko wa shati. Hakuitupa, Dada, nataka uelewe. Iko mfukoni. Aliniambia mbele ya wote kwamba kiti changu kitakaa wazi mpaka muhula ufungwe. Nikileta jibu la swali hilo, lililopimwa na mtu mwenye chombo cha kulipimia, ni changu mpaka kidato cha nne na ataifuta sifuri yangu kwa mkono wake. Nikileta la kubahatisha, au la kunukuu maneno ya likizo ya Desemba, nahama. Nikamuuliza kama naruhusiwa kupima hapa. Akasema kinu cha shule hakiwezi, hewa ya hapa ina unyevu wake, mrututu mweupe hujirudishia maji ukigeuka tu kuangalia dirishani, na yeye hataki tena kuingiza kidole. Lazima chombo kifungwe kisipitishe hewa, kisiwe cha chuma kwa sababu chuma nacho huugeuza mrututu, na kitikiswe na mashine. Aliposema hivyo sikumweleza lolote juu yako.

Mjomba alipokuwa anapanda gari alinishika bega. "Kwa hiyo huyo Sabaha ndicho anachotwanga? Hivi?"

"Anatumia mashine, mjomba."

"Mashine ya kutwanga iko hata Mbekenyera," akasema, lakini aliendelea kutazama dirisha la maabara mpaka Mustafa akampigia honi.

Sasa nakugeukia wewe. Wewe ulijua swali lingekuja, ukaniambia ni zuri. Ulijua kwa sababu ni lako. Yule mtu wa kaure alikuuliza hilo hilo: kilichofanya kazi ni kipi hasa? Hakuna mtu Nachingwea anayeweza kulijibu, wala Ruangwa nzima, isipokuwa mmoja, naye anamtwangia mama mahindi na gunia lake limekaa nyuma ya jiko. Sikuambii kuwa jasiri. Nakuambia nina kiti kinachokaa wazi, na wewe una chombo kinachokaa wazi, na vyote viwili vitapewa watu wengine tukichelewa. Nimemwomba Mustafa akuwekee nafasi ya mbele na ya godoro mpaka Ruangwa mjini, basi la Dar linapopita. Ameniambia konda haweki nafasi kwa maneno ya mtoto wa shule, mpaka abiria mwenyewe aseme siku.

Kwa hiyo nijibu kwa gari hili hili likigeuza: mrututu uliochomwa ukawa mweupe na chumvi iliyokaangwa, vikisagwa ndani ya kaure iliyofungwa, vitageuka rangi au havitageuka, na wewe unaondoka siku gani kwenda kupima?

Mdogo wako,
Zuleha